Mapanga ya Mtambo wa Upepo kwa Fishabodi Kuukuu: Jinsi ya Kuchonga Seti Moja Mpaka Izunguke

Nyumba ya zamani ikibomolewa, mabati na milango huwa vimeshapata mwenyewe kabla vumbi halijatulia. Kinachobaki ni mbao nyembamba: fishabodi za ukingo wa paa, skatingi za chini ya kuta, na vile vipande vilivyozunguka fremu za madirisha. Nyingi huishia chini ya sufuria ya makande. Mimi huziomba. Ubao wa paina uliokaa miaka ishirini chini ya paa umekauka mpaka moyoni, na kama ulikuwa na nia ya kupinda, umeshapinda. Ule wa dukani, hata ukiapiwa kuwa ni mkavu, utaendelea kujikunja wiki mbili baada ya wewe kumaliza kuuchonga.

Hapa nachonga seti ya mapanga matatu yenye kipenyo cha sentimita 120, ya kufunga kwenye mota ndogo yenye sumaku za kudumu, ambayo ukiizungusha hutoa umeme, ili ichaji betri ya volti 12. Sikuchagua kipimo hicho kwa kupenda. Ubao wa inchi moja ukipigwa randa hubaki milimita 20 hivi, na panga linahitaji unene ili lijipinde vizuri karibu na kitovu, pale mapanga yanapokutana. Kwa milimita 20, sentimita 120 ndiyo mwisho wa kazi safi. Ukitaka kubwa zaidi, tafuta fremu za milango za inchi nne kwa mbili.

Utapata umeme kiasi gani

Niseme mapema ili mtu asinunue friji. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu iliyomo huongezeka mara nane. Ikipungua nusu, unabaki na moja ya nane. Tena mwaka 1919 mwanafizikia wa Kijerumani, Albert Betz, alionyesha kwamba hakuna mtambo unaoweza kunyonya zaidi ya asilimia 59 ya nguvu ya upepo unaoupitia, kwa sababu hewa lazima ibaki na mwendo wa kuondokea. Mapanga ya mkono yakiunganishwa na mota ya kuokoteza, wewe hesabu robo.

Kwa hiyo upepo wa mita 5 kwa sekunde, ule unaonyoosha bendera ndogo na kutikisa vitawi, utakupa kama wati 20. Ukifika mita 8, miti midogo inapoanza kuyumba, ni kama wati 80. Mita 10 zitakupa wati 150 hivi. Hizo ni hesabu za nyanda za juu kama Singida, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kidogo. Mtu wa Tanga au Kilifi, kusi likivuma sawasawa, atapata zaidi kwa upepo wa kasi ileile. Taa za nyumba, simu na redio zinatosha hapo. Pasi, hapana.

Wengi huanza na bomba la plastiki. William Kamkwamba wa Malawi alifanya hivyo akiwa kijana wa miaka 14, kwa kuchana bomba na kulilainisha motoni, na mtambo wake ukawasha taa nyumbani kwao. Bomba ni rahisi, sipingi. Ila linalegea kwa jua, linatetemeka likiwa refu, na umbo lake haliendi mbali. Ubao unakudai siku tatu za kazi, kisha unakaa miaka.

Kuchagua ubao, kazi nusu iko hapa

Nataka mbao nyepesi zenye nyuzi zilizonyooka: paina, saipresi, podo ukibahatika. Mninga na mkongo acha kwa vitanda. Uzito una gharama yake. Mtambo huu ukiwa kwenye upepo wa mita 10 huzunguka zaidi ya mara 900 kwa dakika, na kwa kasi hiyo panga la gramu 250 linavuta kitovu kwa nguvu ya zaidi ya kilo 50, kama mfuko wa saruji unaoning'inia kwenye skrubu zako. Betri ikikatika na mtambo ukabaki bila mzigo, kasi inaweza kukaribia mara mbili, na mvuto huo hupanda mara nne. Panga zito linazidisha yote hayo, na bado huchelewa kuanza kuzunguka asubuhi upepo ukiwa mdogo.

Ukishapata ubao, ukague hivi.

Pitisha sumaku ya spika mbovu juu yake wote. Msumari uliokatika ndani hauonekani, lakini randa itauona.

Choma kisu kila baada ya shubiri moja. Kikizama bila ubishi, ubao umeoza au umebunguliwa na wadudu. Vitundu vyenye unga mweupe ni jibu tosha.

Tazama ubavu. Nyuzi zikikimbia sambamba na ukingo, vizuri. Zikitoroka kwenda upande zaidi ya sentimita moja katika kila sentimita kumi na tano, panga litapasukia hapohapo. Fundo dogo kama kichwa cha kiberiti linavumilika likiwa shinani, upande wa kitovu. Nusu ya nje ya panga sitaki fundo lolote.

Jaribio la mwisho ni la wazi: kata sentimita 70, weka ncha zake juu ya matofali mawili, kisha simama katikati taratibu. Paina mzima hunesa na kurudi. Ukisikia mlio, umeokota kuni.

Halafu kuna rangi. Rangi ya mafuta ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo usiipige msasa ikiwa kavu. Iondoe kwa randa, au kwa msasa wa maji, ukiwa umevaa barakoa. Ubao wenye ukijani ndani ni wa dawa. Unafaa kwa panga, lakini vumbi lake usilivute, na maranda yake yasiende jikoni wala kwenye banda la kuku. Chimbia.

Mapanga yote matatu yatoke kwenye ubao mmoja, yakifuatana. Fishabodi ya nane kwa moja ukiipasua katikati inakupa mawili ubavu kwa ubavu, hivyo mita moja na nusu inatosha matatu na la akiba. Kata vipande vinne. La nne utalihitaji, usibishe.

Vifaa

Msumeno, randa, patasi ya inchi moja, tupa ya mbao, kleme mbili, drili au keekee, msasa namba 80 na 120, rula ya chuma. Mizani ya kupimia gramu unaweza kuazima kwa mwenye duka. Kisu cha kukwangua chenye mishikio miwili kingerahisisha, lakini nimechonga seti nzima bila hicho.

Kuchora

Kila kipande kiwe na urefu wa sentimita 60 na upana wa milimita 95. Ncha moja ndiyo shina. Hapo ni sifuri, katikati ya mtambo. Piga mistari ya kukatiza kwenye sentimita 10, 20, 30, 40 na 50.

Weka ubao mezani, shina likiwa upande wako na ncha ikielekea mbali. Uso unaoutazama ndio utakaotazama upepo. Andika MBELE kwa kalamu ya kuandikia mabati. Ukingo wa kulia ndio ukingo wa mbele, unaokata hewa. Uache umenyooka vilevile. Chora mshale kuelekea kulia. Fanya hivyo kwenye vipande vyote vinne kabla hujagusa msumeno.

Nasisitiza kwa sababu nimeshachonga panga la kushoto. Mawili yalitoka safi, la tatu nikaligeuza ubao nikitafuta upande usio na fundo, nikasahau kugeuza michoro. Jioni nikayapanga matatu sakafuni kujivuna, moja likawa linatazama kwao. Mke wangu akalipatia panga hilo kazi ya kukorogea uji wa ng'ombe, na mpaka leo ni mwiko mzuri.

Vipimo ni hivi. Mshuko maana yake ni kina unachoshuka kutoka uso wa mbele, ukipimia kwenye ukingo wa nyuma. Unene ni ule wa sehemu nene kuliko zote baada ya kuchonga pande zote mbili.

- Sentimita 0 mpaka 10: upana mm 95, usichonge kitu
- Sentimita 20: upana mm 90, mshuko mm 19, unene mm 12
- Sentimita 30: upana mm 72, mshuko mm 10, unene mm 9
- Sentimita 40: upana mm 56, mshuko mm 5, unene mm 7
- Sentimita 50: upana mm 45, mshuko mm 3, unene mm 6
- Sentimita 60, nchani: upana mm 38, mshuko mm 1.5, unene mm 5

Kwa nini panga linajipinda? Ncha inakimbia mara sita ya kasi ya upepo, ndivyo nilivyopiga hesabu, na kwa ncha upepo unaonekana kama unatoka karibu mbele yake kabisa. Shina linakwenda polepole, kwa hiyo upepo unalifikia ukitoka ubavuni zaidi. Kila sehemu inapaswa kuulalia upepo wake kwa pembe yake. Ukiacha panga bapa bila mpindo, ncha itafanya kazi na shina litakuwa linakokotwa tu, na asubuhi mtambo utakataa kuanza.

Upana unapungua upande wa nyuma pekee. Unganisha alama zako kwa mstari, kata kwa msumeno milimita mbili nje yake, malizia kwa randa.

Kuchonga uso wa mbele

Kwenye ubavu wa nyuma, weka alama za mshuko ukipimia kutoka uso wa MBELE, uziunganishe kwa mkunjo mmoja laini. Kati ya sentimita 10 na 20 mstari utashuka kwa kasi. Hiyo ni ngazi ya kutokea shinani.

Funga ubao kwa kleme. Kwa msumeno, kata mikato ya kukatiza kila baada ya sentimita tatu, ukianzia ukingo wa nyuma. Mkato uwe wa kina upande wa nyuma, milimita moja kabla ya kugusa mstari, na uishie sifuri kwenye ukingo wa mbele. Vipande kati ya mikato vitoe kwa patasi, ukisukuma kukatiza nyuzi. Ukisukuma kufuata nyuzi, patasi itapata mshipa na kuchana hadi unapotaka kubaki. Nyama ikishatoka, shika randa, umalizie kwa tupa pale shinani ambapo randa haiingii.

Kipimo chako ni rula ya chuma. Ilaze kukatiza panga kwenye kila mstari: iguse kote, isione mwanga chini. Uso huu ni bapa kwa upana na umejipinda kwa urefu. Ukingo wa mbele haupaswi kupoteza hata milimita.

Maliza uso wa mbele wa mapanga yote matatu kabla ya kugeuza hata moja. Mkono unazoea, na mapanga yanatoka ndugu. Kosa la nusu milimita likiwa kwenye matatu yote halisumbui kitu. Likiwa kwenye moja, utalisikia usiku kucha.

Mgongo

Geuza. Sasa unatengeneza mgongo wa samaki: unapanda haraka kutoka ukingo wa mbele, unafika kilele, unateremka taratibu hadi ukingo wa nyuma. Kilele kiko theluthi moja ya upana kutoka mbele. Kichore kwa urefu wote, kisha punguza unene pale hadi ufikie vipimo vya orodha. Geji ya unene niliitengeneza kwa bati: mpasuo wa milimita 12, wa 9, wa 7, 6 na 5. Unaingiza panga kutoka mbele. Likiingia bila kulazimishwa, umefika.

Kutoka kilele kwenda nyuma, piga randa mpaka ukingo ubaki milimita moja hadi moja na nusu. Ukiacha mnene, panga litapiga mluzi. Ukiutia makali kama kisu utameguka msimu wa kwanza. Ukingo wa mbele uzungushe: karibu na shina uwe mviringo kama penseli, nchani kama njiti ya kiberiti. Usiuchonge kama upanga. Hewa haikatwi kwa makali, na mtu akishakosea hapo panga zima huwa zito kuanza.

Msasa namba 80, halafu 120. Kioo hakihitajiki.

Kitovu

Shina la kila panga linachongwa ncha yenye pembe ya digrii 120 ili matatu yakutane kama vipande vya chapati. Weka alama katikati ya mwisho wa shina, kisha kwenye kila ubavu pima milimita 27 kurudi nyuma. Unganisha, kata.

Panga mapanga sakafuni, pima umbali kutoka kona ya ncha moja hadi kona ileile ya jirani yake. Itakuwa karibu sentimita 104, lakini namba yenyewe si kitu. Zile tatu zilingane, tofauti isizidi milimita 3.

Yanabanwa kati ya sahani mbili za plaiwudi ya milimita 12 zenye kipenyo cha sentimita 20. Paka gundi ya epoksi, kisha skrubu za milimita 30, sita kwa kila panga upande wa mbele na sita nyuma, zikipishana ili zisigongane ndani. Toboa kwanza, kwa keekee nyembamba kuliko skrubu. Seti yangu ya kwanza niliona uvivu kutoboa, nikazigongomea na bisibisi ya umeme. Mashina mawili yakapasuka kufuata nyuzi, ufa mwembamba kama unywele ambao niliuona kwa bahati tu nilipopaka rangi. Ukiuona, panga hilo limekufa. Gundi hairudishi nyuzi.

Sahani ya nyuma ndiyo inayofungwa kwenye puli au flanji ya mota kwa bolti zenye washa pana na nati za kujibana.

Mizani

Hapa ndipo watu hukata tamaa, na ndipo nisipokimbia.

Kabla ya kuunganisha, pima kila panga mara mbili. Kwanza uzito. Pili, lilaze juu ya ukingo wa rula utafute linapotulia, upime umbali wa hapo kutoka shinani. Zidisha. Panga la gramu 240 linalotulia sentimita 24 linakupa 5,760; la gramu 255 linalotulia sentimita 22 linakupa 5,610. Ona, lililo jepesi ndilo lenye nguvu ya kuvuta. Hilo ndilo la kupunguzwa, kwa msasa, mgongoni, upande wa ncha. Gramu tatu kwenye sentimita 50 zinamaliza tofauti hiyo yote.

Paka rangi ndipo upime tena, maana rangi nayo ina uzito. Naweka makoti matatu ya rangi ya mafuta, na nchani ambapo nyuzi zimekatwa naongeza la nne, kwani maji huingilia huko. Ukingo wa mbele unapata epoksi tupu kabla ya rangi. Mchanga na mvua vinaula kuliko sehemu nyingine yoyote, na pwani chumvi inasaidia.

Baada ya kuunganisha, pitisha fimbo ya chuma iliyonyooka katikati ya kitovu, iegemeze juu ya kingo mbili zilizopimwa kwa pima maji, ndani ya nyumba, milango imefungwa. Zungusha polepole. Panga lilelile likirudi chini kila mara, ni zito. Funga washa ndogo kwa skrubu kwenye sahani, upande wa pili wake, uendelee mpaka mtambo usimame popote utakapouacha.

Mwisho, shikilia kijiti karibu na ncha na uzungushe: ncha zote tatu zipite umbali uleule, tofauti isizidi milimita 5. Panga lililoinamia mbele lirekebishe kwa kipande cha karatasi ngumu chini ya shina, kabla gundi haijakauka. Ndiyo, lazima ufanye hivi mapema. Mimi hufunga kwanza bila gundi, nikague, ndipo nifungue na kupaka.

Kupandisha

Mota inayofaa ni inayotoa zaidi ya volti 12 kwenye mizunguko 400 kwa dakika. Kwa upepo wa mita 4 mapanga haya yanafika karibu na hapo. Nyaya zake zifungwe pamoja unapopandisha: mota iliyofungwa hivyo inajikaza yenyewe, na mapanga yatazunguka kivivu tu. Ukishashuka ndipo uunganishe betri, kupitia diodi, inayozuia umeme wa betri kurudi kwenye mota, na fyuzi. Usiuachie mtambo uzunguke bila mzigo hata dakika moja kwa ajili ya kupiga video. Na mkia, ule wa nyuma unaoelekeza mtambo kwenye upepo, uwe wa kujikunja, ugeuze mapanga ubavu upepo ukizidi.

Nguzo iinuke walau mita 9 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 100. Juu ya paa usifunge: upepo wa pale umevurugika, na nyumba yote itaguna.

Simama mbele au nyuma ya mtambo, kamwe si ubavuni ambako panga lingerukia. Sauti nzuri ni mvumo laini wa mfululizo. Ukisikia *fu-fu-FUU*, moja halilingani na wenzake. Mluzi ni ukingo wa nyuma mnene. Nguzo ikitetemeka kwa kasi fulani tu kisha ikatulia, rudi kwenye mizani.

Baada ya wiki mbili shusha, kagua mashina kwa kurunzi na ukaze skrubu. Zangu, seti iliyopo sasa juu, mbili zilikuwa zimelegea robo mzunguko, zote upande wa panga lile lililokuwa na fundo dogo shinani.